Barua ya wazi kwa wanaoshika fedha za visiwa: acheni kutuuliza vitazama lini

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaokaa kwenye bodi za mifuko ya tabianchi, mawaziri wa nchi za visiwa mnaosaini mikataba ya miradi, na wakuu wa mashirika ya misaada ambao bila sahihi zenu hakuna hata mfuko mmoja wa saruji unaopakiwa melini. Nimekuwa mwanajiografia wa visiwa tangu ujana wangu. Sasa nakaribia kustaafu, na kabla sijakabidhi ofisi nina jambo ambalo nimelisema kwenye vikao vingi, likaandikwa kwenye kumbukumbu za vikao hivyo, likaishia humo.

Jambo lenyewe ni kwamba mnalipia ulinzi wa visiwa msivyovijua. Mnaidhinisha kuta, matuta na vijiji vipya kwa ramani ambazo nyingine ni za enzi za ukoloni, kwa ripoti zilizoandikwa na mgeni aliyelala kisiwani usiku mbili tatu, na kwa swali ambalo limekaa vibaya tangu mwanzo.

Swali hilo ni "vitazama lini?" Naulizwa na waandishi wa habari, na wabunge, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Anayeuliza huwa na picha kichwani: kisiwa ni sahani iliyotulia, maji yanapanda taratibu kuizunguka, siku moja yanavuka ukingo na kila kitu kimekwisha. Ukiamini picha hiyo, kazi inabaki mbili tu, ama uinue ukingo wa sahani kwa zege, ama uwatoe watu. Na kweli, nikipitia maandiko ya miradi yanayoletwa kwangu niyatolee maoni, mengi yanaangukia kwenye mojawapo ya hizo mbili.

Kisiwa cha matumbawe hakikujengwa hivyo. Chukueni cha aina iliyojaa Tuvalu, Kiribati, Visiwa vya Marshall na Maldivi. Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza kwamba pete hizi za matumbawe, yaani atoli, huanza zikiizunguka volkano inayodidimia. Volkano inashuka, matumbawe yanajenga kwenda juu ili yasikose mwanga. Uthibitisho ulichukua zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1952 waliotoboa atoli ya Enewetak, Visiwa vya Marshall, walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe ndipo wakagonga mwamba wa volkano. Ardhi ambayo watu wanajenga na kulima juu yake ni tabaka jembamba la mchanga na vifusi lililolala juu ya hiyo chokaa, mara nyingi mita 2 au 3 tu juu ya bahari. Umri wake pia ni mdogo. Miaka kama 4,000 iliyopita, sehemu nyingi za Pasifiki bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 1 hadi 2, na iliposhuka ndipo vingi kati ya visiwa hivi vilipata mahali pa kutulia.

Mchanga wenyewe unatoka wapi? Hapa nawaomba msisome haraka. Ukichota konzi moja ufuoni Funafuti, atoli yenye makao makuu ya Tuvalu, na kuiangalia kwa lenzi, huoni punje za mawe. Unaona maganda ya viumbe vidogo waitwao foraminifera, mengine duara na yenye miiba mifupi, pamoja na vipande vya matumbawe na vya mwani wenye chokaa. Maldivi, watafiti waliopima mwamba unaozunguka kisiwa cha Vakkaru walikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unatengenezwa na samaki aina ya pono. Pono anang'ata jiwe la matumbawe kwa mdomo wake mgumu, analisaga kwa meno yaliyo kooni, anabaki na mwani alioufuata, kisha kilichobaki anakitoa nyuma kikiwa mchanga mweupe. Ukipiga mbizi bahari ikiwa shwari unasikia kabisa wanavyotafuna. (Nanyi mnaopenda kufanyia vikao vyenu kwenye hoteli za ufuoni, sasa mnajua mnachokikanyaga.)

Halafu bahari inaubeba mchanga huo. Mawimbi ya msimu mmoja yanautoa upande huu wa kisiwa na kuurundika upande ule, na msimu mwingine yanaurudisha. Dhoruba, ambayo kwa mwenye nyumba ni msiba mtupu, mara nyingine ndiyo inayoleta shehena kubwa. Oktoba 1972 kimbunga Bebe kiliivamia Funafuti, kikaua watu na kuvunja nyumba nyingi, na kwa pigo hilohilo kikazoa vifusi kutoka mwamba wa nje na kuvipanga kuwa tuta lenye urefu wa karibu kilomita 19. Miaka iliyofuata mawimbi yalilisogeza tuta lile kidogokidogo hadi likaungana na nchi kavu. Sehemu ya ardhi ya Funafuti ya leo ni zawadi ya usiku ambao wazee wa huko hawataki hata kuukumbuka.

Kwa hiyo wenzangu walipolinganisha picha za zamani za ndege na za setilaiti, matokeo hayakumshangaza mtu anayeijua kazi hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima visiwa 27 vya Pasifiki ya kati na kukuta asilimia 86 ama vimebaki na ukubwa uleule ama vimeongezeka. Wa mwaka 2018 ulipima visiwa vyote 101 vya Tuvalu kuanzia 1971 hadi 2014. Eneo la nchi kwa jumla lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 2.9, ingawa bahari katika miaka hiyo ilikuwa ikipanda. Mwaka uliofuata, hesabu iliyojumuisha visiwa 709 katika atoli 30 za Pasifiki na Bahari ya Hindi ilionyesha sura ileile.

Najua takwimu hizi zitakavyotumiwa, kwa sababu nimeshaona zikitumiwa. Mtetezi wa makampuni ya mafuta anazinukuu akisema "mnaona, visiwa vinakua." Naye mpiganaji wa upande wetu, kwa kuogopa kumpa huyo silaha, anazificha. Wote wawili wanatupotosha. Eneo la kisiwa si uhai wa kisiwa. Ardhi inaweza kuongezeka kwenye ncha isiyo na mtu huku ikiliwa palepale penye shule na zahanati, na ramani ya jumla ikatoa jibu zuri. Tena si kila mahali pana mchanga wa kutosha. Katika Visiwa vya Solomon, ambako bahari imepanda kwa kasi kubwa kuliko wastani wa dunia, utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba visiwa vitano vidogo vyenye miti vilikuwa vimetoweka kabisa tangu 1947, na kwamba Nuatambu, kisiwa chenye watu, kilikuwa kimepoteza nusu ya eneo lake la kuishi na nyumba 11 tangu 2011.

Na ardhi ikibaki, maji je? Chini ya kisiwa cha matumbawe maji ya mvua hulala juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Kwa hesabu ya vitabuni, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inakuwa na mita 40 chini yake. Kwenye atoli, ambako bahari inapenya kila upande na kuchanganya, ni kidogo mno kuliko hivyo. Visima vinachota humo. Mashimo ya magimbi makubwa, ambayo Tuvalu huyaita pulaka na Kiribati babai, yanachimbwa kwa mikono hadi yafikie maji hayohayo. Wimbi moja likivuka kisiwa linamwaga chumvi kutoka juu. Pukapuka, Visiwa vya Cook, baada ya kimbunga Percy cha 2005, maji ya chini yalichukua karibu mwaka kurudi kunyweka. Sasa fikirieni mawimbi ya namna hiyo yakija kila mwaka. Utafiti uliofanyika Roi-Namur, Visiwa vya Marshall, na kuchapishwa mwaka 2018, ulifikia hitimisho kwamba atoli nyingi zinaweza kukosa maji ya kunywa ya kutegemewa katikati ya karne hii, miongo mingi kabla ya kufunikwa na bahari. Kisiwa kitakuwa kinaonekana vizuri kabisa kwenye setilaiti, minazi imesimama, na hakuna anayeweza kuishi hapo.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mchanga unatengenezwa na mwamba ulio hai. Joto la bahari la 1998 liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai kwenye visiwa vya ndani vya Shelisheli. Tangu 2023 joto la kutosha kuyapausha matumbawe, yaani kuyapotezea rangi na mara nyingi kuyaua, limefika zaidi ya asilimia 80 ya eneo la miamba duniani. Jopo la kisayansi la Umoja wa Mataifa lilikwishasema mwaka 2018 kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 1.5 tutapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, na likifika nyuzi 2, zaidi ya asilimia 99. Kwa muda fulani mwamba uliokufa unaweza hata kutoa mchanga mwingi, kwa kuwa unavunjika. Baada ya hapo hakuna mjenzi. Visiwa vilivyokua katika picha zetu vilikua kwa mtaji wa mwamba wa zamani, na picha hizo haziahidi chochote kuhusu 2070.

Hapo ndipo kuta zenu zinapoingia, na hapa nitasema kwa urefu maana hapa ndipo fedha zinapopotelea.

Nimeuona ukuta mmoja ukijengwa, na nikauona umelala. Sitakitaja kijiji wala mfadhili. Mbele ya nyumba palikuwa na ufuo mpana ambao kila mwaka ulikuwa unapungua msimu mmoja na kurudi mwingine. Mtaalamu alikuja katika msimu wa kupungua, akapiga picha mizizi ya minazi iliyo wazi, akaandika mmomonyoko mkali. Ukuta ukamwagwa: zege wima, kimo cha kifua cha mtu, kokoto na mchanga wake vikichotwa, bila aibu, kwenye ufuo wa upande wa pili wa kisiwa hichohicho. Ukuta wima haulimezi wimbi, unalirudisha. Linaporudi linachimba kitako cha ukuta. Ufuo wa mbele ukashuka, maji ya mbele yakawa na kina kuliko zamani, na wimbi linalokuja kwenye kina kirefu linakuja kubwa. Pale zege lilipoishia, maji yalipinda na kula shamba la jirani. Kwenye bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, yalivuka juu kama ambavyo yangevuka bila ukuta, ila safari hii hayakuwa na njia ya kurudi. Yakasimama nyuma ya ukuta yakinywea ardhini taratibu kuelekea kisimani. Mwishowe kitako kikabaki hewani, ukuta ukapasuka vipande na kuanguka kifudifudi. Kilichobaki kimesimama ni kibao chenye nembo ya mfadhili, kwa kuwa kilijengewa msingi wake peke yake.

Sidhani yeyote kati yenu ana nia mbaya. Ukuta una sifa zinazopendwa na ofisi: unajengwa ndani ya mwaka mmoja wa fedha, unapimika kwa mita, una siku ya kuzinduliwa na utepe wa kukata. Kumlinda pono hakuna utepe. Kulipa mshahara wa mtu wa kupima ufuo kwa miaka ishirini hakuna picha. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mradi wa miaka mitatu haulali kisiwani.

Msinielewe kwamba nachukia zege. Malé ni mji mkuu wa Maldivi, uliojaa hadi ukingoni. Baada ya mawimbi makubwa ya 1987 ulizungushiwa kinga kwa msaada wa Japani, na sioni jinsi ungeishi bila hiyo. Hulhumalé iliyo jirani ilijazwa mchanga na kuinuliwa hadi kama mita 2. Funafuti nako, kwa fedha za Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, imeongezewa zaidi ya hekta 7 za ardhi iliyoinuliwa. Mahali penye maelfu ya watu, hospitali na bandari, na pasipo tena na ufuo wa asili wa kuhifadhi, kuinua ardhi ni uamuzi wa busara. Tatizo ni pale dawa ya mji mkuu inapoandikiwa kisiwa cha kaya thelathini chenye mchanga unaotembea, ambacho kinga yake ilikuwa ni huko kutembea. Ukikifunga kwa zege unakizuia kisiinuke. Wimbi linalovuka ufuo huacha mchanga juu ya kisiwa, na ndivyo kinavyopata kimo. Ni kero kwa aliyejenga karibu, ndiyo. Ila nyumba ya miti unaweza kuihamisha hatua hamsini. Watu wa visiwa hivi walifanya hivyo kwa vizazi vingi, kabla hatujawajengea za matofali.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wengi wanalikwepa. Si kila maji yanayoingia nyumbani yameletwa na tabianchi, na ukikosea chanzo unakosea tiba. Kijiji cha Lateu kwenye kisiwa cha Tegua, kaskazini mwa Vanuatu, kilihamishwa na mwaka 2005 kikatangazwa duniani kuwa cha wakimbizi wa tabianchi. Wapimaji walipoweka vifaa vyao wakakuta kwamba kati ya 1997 na 2009 kisiwa chenyewe kilikuwa kimeshuka kama sentimita 12 kwa sababu ya mabamba ya ardhi; karibu nusu ya kile kilichoonekana kuwa bahari kupanda ilikuwa ni nchi kushuka. Tarawa, atoli yenye mji mkuu wa Kiribati, kisiwa kidogo cha Bikeman kilichopotea na kuwa mfano kwenye hotuba nyingi, kilinyimwa mchanga na tuta la barabara lililoziba mkondo kati ya visiwa vya Betio na Bairiki katika miaka ya 1980. Na katikati ya Funafuti, pale wapiga picha wa televisheni wanapokimbilia kila bamvua ya mwanzo wa mwaka, ramani za msafara wa kisayansi wa miaka ya 1896 hadi 1898 zinaonyesha palikuwa kinamasi. Watu walijazana pale baada ya mji kuwa makao makuu ya nchi huru mwaka 1978. Pembeni yake jeshi la Marekani lilichimba mashimo makubwa ya kupata kifusi cha uwanja wa ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mashimo hayo yalikaa wazi, yamejaa maji na takataka, hadi yalipofukiwa mwaka 2015 kwa msaada wa New Zealand.

Nikisema haya mkutanoni kuna wanaonikonyeza ninyamaze. Wanahofia wachafuzi wakubwa watajificha nyuma yake. Hawana pa kujificha. Bahari ya dunia ilipanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, karibu mara tatu ya ile ya kabla ya 1971. Mataifa madogo ya visiwa hayafikii hata asilimia 1 ya gesijoto inayotolewa. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilisema Mei 2024 kwamba gesi hizo ni uchafuzi wa bahari, na Julai 2025 Mahakama ya Haki ya Kimataifa, katika shauri lililoanzishwa na wanafunzi wa sheria wa Pasifiki na kubebwa na Vanuatu, ikasema nchi inayovunja wajibu wake kwa tabianchi inaweza kudaiwa fidia. Deni lipo na limeandikwa. Kwa sababu hiyohiyo nataka kila kisiwa kiwe na ushahidi safi. Mdai mwenye hesabu zilizochanganyika hulipwa pungufu, au harudishiwi chochote.

Kuhusu kuhamisha watu nitasema kidogo, maana wapo wanaolijua kunizidi. Kijiji cha Vunidogoloa, Fiji, kilihamia mwaka 2014 kama kilomita 2 kuelekea bara, na kikubwa kilichorahisisha ni kwamba waliingia kwenye ardhi yao wenyewe ya ukoo. Gardi Sugdub, kisiwa cha wenyeji wa asili Waguna huko Panama, ilianza kuhama Juni 2024 kwenda bara baada ya kungoja miaka mingi kuliko walivyoahidiwa. Watu wa Banaba, kisiwa ambacho sasa ni cha Kiribati, waliopelekwa kisiwa cha Rabi, Fiji, mwaka 1945 bado wanabishana na serikali mbili kuhusu nani anamiliki nini. Nyumba ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika uhamisho. Kigumu ni hati ya ardhi, makaburi, haki ya kuvua kwenye mwamba wa zamani, na mtoto wa tatu atakayezaliwa huko na kuuliza shamba lake liko wapi. Mkileta bajeti ambayo robo tatu yake ni mabati na matofali, nitajua hamjazungumza na wazee.

Ninachoomba ni kitu kinachochosha kukisikiliza: kila kisiwa chenye watu kiwe na daftari lake. Ndani yake kuwe na vipimo vya ufuo vinavyochukuliwa palepale kila msimu; chumvi ya visima; kimo cha ardhi kilichopimwa kwa kifaa kinachojua kama nchi inapanda au inashuka; hali ya mwamba na wingi wa pono; picha zote za ndege zilizowahi kupigwa; na kumbukumbu za wakazi za wapi palikuwa maji, wapi paliongezeka, dhoruba ipi ilileta nini. Daftari liwe kwa lugha ya kisiwa na likae kisiwani, nakala ndiyo iende makao makuu. Anayelijaza awe mtu wa hapo, mwenye mshahara wa serikali, si posho ya mradi. Nimefundisha vijana wa visiwani wanaoweza kazi hii kuliko mimi. Wengi leo wanauza tiketi au wamehamia ng'ambo, kwa sababu mradi uliwaajiri miezi kadhaa ukafungwa, na vifaa vikafungiwa kwenye kontena ambalo ufunguo wake uliondoka na mgeni.

Na daftari likiwepo, lipewe meno. Ukuta usiidhinishwe kwa kisiwa ambacho ufuo wake haujapimwa angalau misimu yote ya mwaka mmoja. Mwombaji aeleze mchanga wa hapo unatoka wapi na ukuta utaufanyaje. Aeleze maji yatakayovuka yatatokea wapi. Atakayeukagua na kuukarabati baada ya sherehe atajwe kwa cheo na fungu la fedha. Uchimbaji wa mchanga na matumbawe kwa ajili ya ujenzi wa mradi uleule unaodai kulinda ufuo upigwe marufuku kwenye mkataba, na inashangaza kwamba hadi leo hilo linahitaji kuombwa. Uvuvi wa pono usiku kwa taa, wakiwa wamelala kwenye mianya ya mwamba, uzuiwe pale ambapo wenyeji wamekubali kuuzuia, nao walipwe kwa ulinzi huo kama mnavyomlipa mkandarasi.

Gharama? Kwa fedha za ukuta mmoja wa aina niliyoieleza unaweza kumlipa mpimaji wa kisiwa kwa muda mrefu kuliko umri wa ukuta wenyewe. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, mlikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi. Kanuni zake bado ni changa, na ni rahisi kuweka kifungu cha vipimo sasa kuliko kukitafuta baadaye.

La mwisho ni dogo na ni la ofisi yangu. Nina masanduku ya picha za ufuo, daftari za vipimo na ramani nilizochora na wakazi, nyingi za visiwa ambavyo havina rekodi nyingine ya miaka hiyo. Chuo kimenipa hadi mwisho wa muhula niache chumba. Nimeandika kwa ofisi kadhaa zilizo chini yenu kuomba mashine ya kuskani na mtu wa kuiendesha, ili kila kisiwa kirudishiwe picha zake. Majibu yamekuwa kwamba hakuna kasma ya kazi hiyo. Naomba mmoja wenu aitafute, kisha anijulishe masanduku yaende wapi.

Wenu,
Mwanajiografia wa visiwa